Shimo Miguuni pa Dereva

Mwanangu Hamisi,

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako kule bandarini, na mama yako yuko jikoni anakukaangia ndagala za njiani, utadhani Bujumbura samaki wamekatazwa. Mimi nimekaa hapa garaji, na mbele yangu limesimama gari jeusi la bwana wako mpya. Kesho asubuhi utaliwasha na kuondoka nalo. Nilijaribu kukuambia kwa mdomo, tukaishia kugombana juu ya sahani ya ugali na mama yako akalia. Basi naandika. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Sitakufundisha kupima oili wala kutia maji kwenye rejeta. Hayo ulifundishwa na mtu aliyeyajua kuliko mimi, na tutamfikia. Sitakuambia uswali, usinywe, ulale mapema; mama yako ameshayasema, na kesho atayasema tena mpaka injini iwake na sauti yake izame humo. Mimi nina jambo moja. Nachukia kukuona ndani ya gari hili. Nikikuona umekaa pale mbele na ile kofia uliyopewa, nageukia ukuta. Nasema wazi ili usiendelee kumwambia mama yako kwamba baba ana wivu.

Juzi ulipolileta hapa ulinipa ufunguo kama mtu anayegawa zawadi. Ukasema, "Baba, unitengenezee kidogo tu hapa chini ya mulango. Rangi inavimba. Patron anataka gari irudie Bujumbura ikiwa inang'aa."

Nikakuuliza kama unajua gari hili ni la nani. Ukatazama chini, halafu ukacheka kidogo, ukajibu: "Gari iko gari tu, baba. Yenyewe haina makosa."

Maneno hayo nimeyatafuna tangu siku hiyo. Ni kweli, gari halina kosa. Bati halijui ni matako ya nani yanayolikalia. Lakini wewe si bati, Hamisi, na mimi sikukuzaa uwe bati.

Wewe ulilijua gari hili lilipokuwa la bluu. Hukulijua kabla ya hapo, lilipokuwa halina rangi ya kutajika. Lilikuwa la yule mzungu wa michikichi, mtu mmoja mchoyo, aliyekuwa akibebea humo magunia ya chumvi ya Uvinza kutoka bandarini ili asikodi lori. Gari zuri kama lile, viti vya ngozi, madigadi ya mviringo, na yeye anajaza chumvi mpaka juu. Chumvi haina haraka. Ilikula buti, ikala sakafu, ikapanda milangoni. Uhuru ulipokaribia mzungu akafunga mizigo yake na gari akaliacha chini ya banda la mawese, kuku wakahamia ndani.

Mathiasi ndiye aliyelichukua. Wewe ulimwita Baba Odeta, kwa jina la binti yake, kama tulivyomwita sote. Alikuwa akisimamia mizani pale kiwanda cha mawese, mtu wa Minago, Mkristo wa kwenda kanisani, mpole mpaka unaudhika. Mji mzima ulimcheka. Alikuja hapa akilivuta gari kwa ng'ombe, kuku mmoja bado amelalia mayai kwenye kiti cha nyuma, akaniambia: "Fundi Saidi, hii gari iko mugonjwa, lakini haiyakufa."

Alitaka lipite kwenye maandamano siku ya bendera. Siku zenyewe zilikuwa zimebaki chache sana. Fundi mwenye akili angemwambia haiwezekani. Lakini mimi nilikuwa kijana, napenda kusifiwa kuliko nilivyopenda kazi, na nilitaka watu waseme gari lile limetoka kwa Saidi. Basi nikalitibu kwa ujanja. Kila penye tundu nikasokota gunia na magazeti, nikashindilia, nikakandika saruji niliyoichanganya na mchanga wa ufukweni, ule wanaoanikia ndagala. Nikasugua kwa msasa, nikapaka bluu ya ziwa. Hamisi, liling'aa! Mama yako alijitazama ubavuni mwake akafunga kilemba.

Siku ya uhuru lilitangulia mbele ya ngoma. Watu waling'ang'ania kila mahali, wengine wamesimama nje kwenye kizingiti cha mlango, wanaimba. Nami natembea pembeni nimevaa kanzu mpya, napokea pongezi kama bwana harusi. Tulipofika kivukoni gari likaingia kwenye bonde, na kizingiti kikameguka. Jamaa mmoja mnene akaanguka majini pamoja na bonge la saruji. Kwenye tundu likaning'inia gazeti lililoloa, lina picha za wale wakubwa tuliokuwa tukiwaaga siku ile, na mchanga wenye magamba ya ndagala ukawa unamwagika. Inzi walijua njia mara moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Mathiasi alizima gari, akashuka, akatazama, akacheka mpaka akakohoa. "Fundi," akasema, "umenijengea nyumba. Miye niliomba gari."

Hakunidharau mbele ya watu. Angeweza. Kesho yake alirudi hapa, akavua shati, akasema tuanze upya.

Ndipo nilipojifunza kazi, nikiwa tayari najiita fundi. Kutu haizibwi. Inafuatwa. Unagonga bati kwa nyundo ndogo: bati zima linalia, bati bovu linajibu kwa sauti ya chini kama mtu mwenye kifua. Unakata mpaka ufike panapolia, hata kama shimo ulilolikuta ni la kidole na utakalolifungua ni la sinia. Mwenye gari huona unamharibia. Wengi walinitukana. Ukiacha kipande kibovu hata upana wa ukucha, umefanya kazi ya bure, maana kutu itaanzia hapo hapo, chini ya kiraka chako kizuri.

Bati jipya hatukuwa nalo, lakini Rumonge haikosi mapipa. Mathiasi aliomba pale kiwandani mapipa mabovu ya mawese, wakampa. Tulikata kwa tindo, tukanyoosha. Na mviringo wa madigadi tukautafuta kwa gogo la mchikichi: lile gogo lililoko uani, ambalo kuku wanalala juu yake, ndilo hilo. Unalaza bati juu yake, unagonga polepole, linachukua umbo. Mafundi wa Bujumbura wana mashine ya kazi hiyo. Sijaona mashine iliyonishinda kwa gogo langu.

Lakini sikuacha upumbavu mara moja. Pipa lililokaa mawese miaka yote hiyo limekunywa mafuta mpaka kwenye mshono. Lazima ulichome kwa moto wa kuni kwanza, libaki kavu. Mimi sikulichoma. Niliwasha gesi nikaanza kuchomelea, na ilikuwa mwezi wa Ramadhani, saa sita mchana. Moshi uliotoka hapa ulinuka maandazi. Mtaa mzima wa Waswahili, watu na njaa zao, pua juu, wanatafuta ni kafiri gani anakaanga. Mzee wa msikiti akaja mpaka mlangoni, akainama kunusa kinywa changu. Mathiasi alijificha nyuma ya gari akajiziba mdomo kwa kofia. Mpaka leo wako watu mji huu wanaoamini nilikula mwezi ule, na wao ndio wanaoniombea dua ndefu.

Kosa la tatu ndilo lililonitia kinyaa kuliko yote. Gari lilipokwisha, viraka vimelala vizuri huwezi kuvihisi kwa kidole, wazee wakatushauri tupake mawese ndani, kama tunavyopaka panga na jembe. Tukaona ni hekima. Tukamwaga ndoo nzima ndani ya milango na vizingiti, tukafunga, tukajipongeza. Panga, mwanangu, linaning'inia ukutani, linapata hewa. Ndani ya kizingiti hakuna hewa. Mawese yalichacha humo. Yakichacha yanakuwa makali, yanauma chuma, na vumbi linashikamana nayo, na maji ya mvua hayapati pa kutokea. Nje bluu safi. Baada ya masika kadhaa Mathiasi akalalamika gari linanuka. Nikafungua. Ulitoka uji mweusi wenye mende, na kitoto cha panya kimeozea humo, na bati la pipa tulilolihangaikia limekuwa jembamba kama karatasi. Nilikwenda nyuma ya ukuta nikatapika.

Mafuta tuliyoyatia kwa mapenzi ndiyo yaliyokula gari. Tulikata tena, tukachomelea tena. Safari hii tulipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, minio, na chini ya kila mlango tukatoboa tundu dogo la kutolea maji. Hilo ndilo gari ulilolijua wewe.

Na ndilo ulilojifunzia. Nani alikufundisha? Mimi sikuwa na gari, na uvumilivu pia sikuwa nao. Alikuchukua yeye, Jumapili baada ya misa yao, njia ya Kigwena, pale kwenye msitu ambapo hapapiti watu. Siku ulipoligonga lile shina la mchikichi, ulirudi hapa umekunja uso, ukidhani nitakupiga. Yeye akanitangulia. Akasema, "Mutoto hana kosa, Fundi. Nilimuonyesha kwenda mbele, nikasahau kumuonyesha kurudi nyuma." Na tangu siku hiyo kila mlipotoka alikuanzishia hapo: mnarudi nyuma kwanza, kutoka mlangoni mpaka barabarani, ndipo mwende. Nilikuwa nikiwatazama. Alikuwa akikuita dereva wake, na kusema utakuja kumpeleka Mama Odeta kanisani yeye akizeeka na macho yakimfifia.

Sasa mwaka huu. Haujaisha bado, na watu wanauzungumza kama mwaka wa babu zao.

Uliyaona mwenyewe. Kwanza walikuja wenye mapanga, wakaua watu ambao hawakuwa wamewakosea lolote. Halafu wakaja wenye orodha ya majina mkononi, nao wakawaita watu mmoja mmoja, mwalimu, karani, muuza duka, mwenye baiskeli nzuri. Siandiki zaidi, karatasi inasafiri na wewe, na njiani wanapekua. Sisi wa mtaa huu tulifunga milango tukasikiliza malori. Asubuhi tulifungua tukahesabu nani hayupo, tukasalimiana "amahoro" kama kawaida. Amahoro, yaani amani! Neno hilo lilinichachia mdomoni mwaka huu.

Mathiasi alipita hapa asubuhi ile akiendesha mwenyewe. Amevaa shati jeupe, gari ameliosha. Mlango wa dereva ulikuwa umelegea bawaba, unafunga lakini unagonga kila tairi linapokanyaga shimo, ko-ko, ko-ko. Hakuzima hata injini. "Bananiita kwa biro," akasema, yaani ofisini kwa wakubwa. "Nikitoka kule nitapitia hapa, unifungie huu mulango muzuri." Nikamwambia sawa, nitakungoja. Nikatafuta bawaba, nikaipaka grisi, nikaiweka tayari juu ya benchi.

Baada ya siku chache, niko hapa nagonga bati, nikasikia ko-ko kutoka mbali. Hakuna gari jingine mji huu lenye mlango unaogonga vile. Nilitupa nyundo nikakimbia nje, miguu mitupu. Nilikuwa nacheka, Hamisi. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimtukane kwa kunitia hofu. Gari likapita. Aliyekaa mbele hakuwa yeye, na hakunitazama.

Huyo ndiye bwana wako.

Alikuja hapa baadaye, kwa upole sana. Hao watu ni wapole, utaona. Alitaka nibadilishe rangi iwe nyeusi. Sikumkatalia. Nilisema rangi imekwisha, gesi imekwisha, meli ya Kigoma haijaleta. Nikampa kiti, kile chenye mto. Mama yako akaleta chai, kijiko kinalia kwenye kikombe. Yule bwana akanywa, akatazama magari uani, akasema: "Fundi, mwaka huu magari yanapatikana rahisi." Akacheka. Na mimi nikacheka. Si kicheko kirefu. Kilitoka tu, kama kwikwi. Alipoondoka nilikitoa kile kiti nje nikakipasua kwa shoka, na mama yako hakuniuliza kuni zile zimetoka wapi. Najionea kinyaa mpaka leo. Uongo wa rangi nausamehe, uliniacha hai. Kile kicheko hakikuwa na kazi yoyote.

Sasa tazama mji. Baiskeli ya mwalimu iko kwa nani? Mabati ya nyumba ya jirani yetu wa nyuma yamefunika banda la mbuzi la nani? Radio ya Mama Odeta inaimba katika duka ninalonunua sabuni, nami nasimama pale nangoja chenji, nasikiliza. Wazee walisema cha mtu mavi, na walisema hivyo ili hata harufu yake ikufukuze. Mwaka huu watu wamejipaka mikono yote miwili na wanakupa mkono uwasalimie. Wanasema hawakuua mtu, na ni kweli hawakuua, waliokota tu. Kila mmoja aliokota kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Ulisema pia kwamba usipoliendesha wewe ataliendesha mwingine. Hilo nimelifikiria sana, kwa sababu nilitaka uwe na haki. Ni kweli, ataliendesha mwingine. Na yeye ana baba yake, amwandikie.

Nimekwenda Minago mara kadhaa tangu wakati ule, nikimwambia mama yako naenda kutafuta mapipa. Mama Odeta amehamia huko kwa kaka yake. Anauza ndagala kavu kando ya barabara, upande wa ziwa, pale magari yanapopunguza mwendo kwa sababu ya watu na mihogo iliyoanikwa. Amekonda. Hakuna siku aliyoniuliza kwa nini sikumzuia mume wake, wala habari ya gari. Ananiwekea ndagala kwenye jani, anaongeza, anakataa malipo, halafu anauliza jambo lile lile kila mara: "Na Hamisi? Bado anaendesha?" Namwambia bado hajapata kazi. Anasema, "Atapata. Baba Odeta alisema ana mukono muzuri. Akipata, apite anisalimu, hata na honi tu."

Mara ya mwisho ulikuwa umeshapata kazi hii. Nilimwambia bado.

Juzi ulipokwenda kulala nilichukua bisibisi nikagusa pale rangi ilipovimba. Sikusukuma. Iliingia yenyewe mpaka kwenye mpini. Nikavuta, ukaja mkate wa mastiki, ule udongo laini wa kuzibia bati, na nyuma ya mastiki magazeti yaliyoshindiliwa. Magazeti ya mwaka huu, Hamisi. Huyo fundi wa Bujumbura aliyepelekewa gari baada yangu, mwenye mashine na vijana waliovaa ovaroli, ameshindilia magazeti ya mwaka huu ndani ya kizingiti akapaka nyeusi juu yake. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikajiona mimi, kijana mwenye kanzu mpya, kwenye maandamano. Miaka yote hii imepita, tuna bendera, tuna wimbo, na bado tunashindilia gazeti penye tundu tunapaka rangi.

Nikang'oa yote. Jana kutwa nzima, wewe ukizunguka mjini na kofia yako, mimi nilifuata kutu. Ilipita chini ya zulia mpaka miguuni pa dereva. Niligonga, nikakata, nikagonga tena, mpaka nikafika kwenye kiraka chetu cha pipa, kile cha Mathiasi na mimi. Nilikigonga. Kililia, mwanangu. Ukingo wake wote mzima, mshono umelala kama tulivyoulaza. Hapo ndipo nikasimamisha tindo, maana hapo ndipo palipokuwa pazima.

Limebaki shimo la ukubwa wa sahani ya kulia. Nilikata kiraka kutoka kwenye pipa, na pipa nililichoma kwanza. Nikakikunja juu ya gogo, nikakijaribu, kikaingia bila kusukumwa. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na naisema mwenyewe kwa kuwa aliyekuwa akinisifu bila kunipamba hayupo. Nikawasha gesi. Nikavaa miwani. Moto ukawa wa bluu, mkali, mzuri. Nikautazama kwa muda, kisha nikaufunga.

Sizibi. Nimempa kiti yule mtu, nimempa chai, nimempa kicheko changu. Kiraka sitampa.

Usiogope, shimo halitakuangusha. Mihimili yote ni mizima, nimeikagua kama mtu anavyokagua meno ya mtoto. Kingo zake nimezipaka minio. Zulia nimelikunja nikaliweka kwenye buti, na nakuomba usilirudishe. Utakapokuwa unaendesha utaona barabara inapita chini yako. Matope yatakurukia kwenye suruali mpya. Bwana wako akikuuliza, mwambie mzee amezeeka, gesi imekwisha. Uongo huo ameshauzoea. Na kama ukitaka, Bujumbura hapakosi mtu wa kuliziba kwa mastiki kabla chai haijapoa.

Kiraka kiko hapa, juu ya benchi, pamoja na ile bawaba. Nimevipaka vyote viwili visishike kutu. Vitakaa. Nitavifunga kwa mikono yangu, bure, siku gari hili litakaposimama mlangoni kwa Mama Odeta na ufunguo ukawa mkononi mwake. Ukisema siku hiyo haitafika, huenda kweli. Mimi nakwambia mahali pa viraka vyangu.

Sikukatazi kwenda. Una miaka ya mtu mzima, na njaa ya nyumba hii nayo ina mdomo. Mama yako anategemea ulete chochote, nami pia, sitajifanya malaika. Ukienda, radhi yangu unayo wewe. Hilo gari halina. Ukifika barabarani kesho ukaona moyo hautaki, kumbuka ulianzishwa kwa kurudi nyuma, na kutoka mlangoni mpaka barabarani unapajua hata ukifumba macho. Hakuna atakayekucheka hapa. Mama yako atatia ndagala tena kwenye sufuria.

Lakini ukienda, ujue mlango wa dereva sikuugusa. Fundi wa Bujumbura naye hakuugusa, ameupaka rangi tu. Unafunga, lakini bado unagonga. Na Minago utapunguza mwendo, hutaki usitake, kwa ajili ya watu na mihogo. Mama Odeta atakuwa amekaa upande wa ziwa, upande wako. Atausikia ule mlango kabla hajaliona gari. Atainuka, Hamisi, kama nilivyoinuka mimi. Ataacha kapu lake, atakimbilia barabarani, labda anacheka.

Halafu atakuona wewe.

Uwe umeshapata la kumwambia.

Baba yako,
Saidi